Serikali: Kichwa cha Kazi

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu mkoani Shinyanga, jioni moja nilimkuta mwanachuo akivunja miguu ya dawati bovu ili apate kuni. Nilipomkemea alijibu kwa upole, "Samahani Mwalimu, nilidhani hili ni la serikali tu." Yaani si la mtu. Nilimpa adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima. Yeye alimaliza adhabu yake, lakini mimi neno lile lilinikaa moyoni.

Ndugu msomaji, "serikali" ni neno lenye asili ya Kiajemi. "Sar" ni kichwa, na "kar" ni kazi. "Sarkar" basi ni kichwa cha kazi, yaani msimamizi. "Kar" hiyohiyo imo katika "karakana", nyumba ya kazi. Kiajemi kilikuwa lugha ya ofisi katika dola ya Wamughali huko India, na kutoka humo Wabengali walilipokea neno hilo kwa maana ya serikali, na pia likawa jina la ukoo. Mwanahistoria Jadunath Sarkar (1870–1958) alikuwa Mbengali mwenye jina hilo. Kwetu lilivuka Bahari ya Hindi, likatua pwani, kisha likapanda bara.

Huko bara lilibadilika. Rwanda na Burundi, "umusirikare" ni askari. Buganda, "omuserikale" ni askari vilevile. Msimamizi wa kazi ametoweka, amebaki mwenye bunduki! Wala si ajabu, kwani watu hulipa neno maana ya kile walichokiona. Mwaka 1958, nikiwa na miaka minane, watu wa Geita walipinga baraza la wilaya la rangi mchanganyiko lililoletwa na wakoloni. Umati ulikwenda hadi Mwanza kudai haki, ukatawanywa kwa mabomu ya machozi. Sisi watoto tulijifunza kwamba serikali ni kitu cha kukimbiwa.

Uhuru ulikuja mwaka 1961, nasi tukalirithi neno pamoja na hofu yake. Kinachoogopwa hakitunzwi, mlinzi akigeuka, huvunjwa.

Ndiyo maana naijutia adhabu ile. Ningechukua nyundo na misumari, tukalitengeneza dawati pamoja, kijana angeiona serikali kwa maana yake ya kwanza. Siku ile nilikuwa askari tu, sikuwa kichwa cha kazi.