Namna ya kuhesabu kiwango cha kubana hewa ndani ya moteri ya pikipiki

Moto imetoka garaji. Inawaka muzuri, sauti iko safi, lakini ikifika kwenye mlima na abiria wawili, nguvu inaisha. Motari anarudi kwa fundi, fundi anasema ni esansi mbaya. Motari yeye anashuku jointi ya kilasi. Ubishi wa namna hii uko kila siku kwenye paking za Goma, Bukavu na Butembo, na mara nyingi anayelipa ni mwenye pikipiki. Lakini kuko hesabu moja ndogo ya kuonyesha kama garaji ilibadilisha kitu. Inaomba sindano ya farmasi, kipimo cha milimita na kalkileta ya simu.

Mafundi wanaiita to ya kompresio. Pistoni ikiwa chini kabisa, kuko nafasi kubwa ya hewa juu yake. Ikipanda mpaka mwisho, hewa yote ile inabanwa ndani ya kachumba kadogo chini ya bujie. Gawanya nafasi kubwa kwa kachumba, umepata kiwango. Kama nafasi kubwa inatosha vyumba 9, basi ni 9 kwa 1. Moto nyingi za esansi ziko kati ya 9 na 10.

Tuchukue moteri ya CG 125, ile Honda ilitengeneza na viwanda vingi vya China vikaiga. Upana wa tundu la silinda ni milimita 56,5. Mwendo wa pistoni, kutoka chini mpaka juu, ni milimita 49,5. Geuza kwanza kuwa santimita, bila hivyo hesabu itakupotezea siku. 5,65 mara 5,65 ni 31,92. Zidisha kwa 0,7854, unapata 25,07. Zidisha tena kwa mwendo, 4,95, unapata santimita kibu 124,1. Ndiyo ile kwenye karatasi wanaandika 125.

Kazi ngumu ni kupima kachumba. Zima kontakti, toa bujie, fikisha pistoni juu kabisa. Angalia: pistoni inafika juu mara mbili katika muzunguko, chagua ile ambayo supape zote mbili zimefungwa na kilbiteri zinacheza kidogo ukizigusa. Laza moto mpaka tundu la bujie likae juu, hewa isibaki ndani. Jaza sindano ya mililita 20 kwa mafuta ya moteri yaliyolegezwa na petroli kidogo, halafu ingiza pole pole mpaka mafuta yafike kwenye mudomo wa tundu. Usifanye karibu na moto wala sigara. Mililita moja ni sawa na santimita kibu moja, kwa hiyo unasoma tu kwenye sindano.

Tuseme imeingia 17,6. Hapa wengi wanakosea. Ile fasi bujie inakaa si sehemu ya kachumba, juu bujie ikirudi itaijaza. Bujie ya moteri hii ina upana wa milimita 12 na urefu wa vida milimita 19, karibu santimita kibu 2,1. Toa hiyo, inabaki 15,5. Sasa ongeza 124,1 na 15,5, unapata 139,6. Gawanya kwa 15,5: ni 9. Kosa lingine ni kugawanya 124,1 peke yake na kusahau kuongeza kachumba, hapo utaona 8 na utamugombeza fundi bure.

Kama mafuta yanashuka kila mara unapojaza, usiendelee na hesabu. Yanapita kwenye segima ao kwenye supape, na pengine hapo ndipo nguvu ya moto inapotelea. Ukimaliza, nyonya mafuta yote na upige kiki mara nyingi bila bujie. Mafuta hayabanwi kama hewa. Ukirudisha bujie yakiwa ndani, bieli inaweza kupinda.

Turudi kwa motari wetu. Kama jointi mpya imeongeza milimita moja ya unene, kachumba kinaongezeka santimita kibu 2,5 na kufika 18. Kiwango kinashuka mpaka 7,9. Hiyo inasikika sana kwenye mlima, na esansi haina kosa. Kinyume chake, kilasi ikisuguliwa nusu milimita ili inyooke, kiwango kinaweza kupanda karibu 9,7. Moto inapata nguvu, lakini ukiwekea esansi ya kadafi iliyochanganywa na petroli, inaanza kugonga ndani kama nyundo ndogo, na kugonga kukiendelea kunatoboa pistoni. Kupanua silinda kwa pistoni ya 57 hakubadilishi sana: ni 9,15 tu.

Mazutu ni habari nyingine. Moteri zake hazina bujie ya cheche, hewa yenyewe inabanwa mpaka iwe na joto la kuwasha mafuta, ndiyo maana kiwango chake kiko kati ya 16 na 22.

Tena usichanganye kiwango hiki na ile namba ya manometri. Manometri inapima presha, na presha inategemea segima, supape, hata urefu wa mahali. Goma iko karibu mita 1 500, Uvira karibu nusu ya hapo, kwa hiyo moto ile ile itaonyesha namba ya chini kidogo Goma. Kiwango chenyewe hakibadiliki barabarani, kinabadilika tu wakati mutu amefungua kilasi, ao kaboni ikijaa ndani ya kachumba.