Miti ya ngitili na vita dhidi ya bakteria sugu

Mulungulungu haujifichi porini. Shina lake limejaa vinundu vyenye miiba, na majani yake ukiyafikicha yananukia ndimu, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na michungwa. Pwani huitwa mjafari. Wanasayansi huuita Zanthoxylum chalybeum. Kwa vizazi vingi Wasukuma wamechemsha magome yake kutibu homa na kifua.

Leo mimea ya namna hii inapekuliwa maabara, kwa sababu dawa za hospitali zimeanza kushindwa na bakteria. Lakini nusura mimea hiyo ikosekane. Historia ya dawa za miti katika nchi ambayo sasa ni Mkoa wa Simiyu ni historia ya msitu uliofyekwa, kisha ukarudi.

Miaka ya 1920 Charles Swynnerton, mtaalamu wa serikali ya kikoloni aliyepambana na mbung'o, alifanya Shinyanga jaribio lake maarufu: vichaka vifyekwe ili mdudu huyo akose kivuli. Kazi iliendelea kwa miaka mingi. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyozoea kuyahifadhi. Bariadi, Maswa na Meatu, zilizokuwa wilaya za Shinyanga hadi Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012, zilibaki na ardhi tupu. Shinyanga ikaitwa Jangwa la Tanzania.

Waganga nao walikuwa na mtihani wao. Mwaka 1928 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya uchawi, na katika macho ya watawala wengi mfumu, yaani mganga, mwenye mizizi hakutofautiana sana na mchawi. Mwaka huohuo, jijini London, Alexander Fleming aligundua kuwa ukungu ulioota kwenye sahani yake ya maabara unaua bakteria. Ndiyo ikawa penisilini. Mwaka 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, Fleming alionya kwamba anayetumia dawa hiyo kwa kiwango pungufu atawafundisha vijidudu kuihimili.

Msitu ulianza kurudi mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mradi haukutegemea kupanda miche peke yake. Uliwarudisha watu kwenye ngitili, desturi ya Kisukuma ya kutenga eneo la malisho lisiguswe masika ili lifae kiangazi. Palipofungwa, visiki vilichipua na mbegu zilizolala ardhini zikaota. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Pamoja na malisho na kuni, dawa zilirudi. Mwaka 1999 kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kilichapisha utafiti uliofanywa na waganga na wanavijiji wa Shinyanga ya wakati huo. Mimea ya tiba iliyotajwa ilizidi 300. Miongoni mwa miti waliyoipa kipaumbele ilikuwamo nengonengo, mulundalunda na mulungulungu.

Wakati huohuo hospitalini hali ilikuwa ikiharibika. Katika utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002, watoto waliokuwa na maambukizi ya damu ya bakteria wanaovunja dawa za jamii ya penisilini walikufa kwa asilimia 71. Waliougua bakteria wa kundi hilohilo wasio na uwezo huo walikufa kwa asilimia 39. Mwaka 2009 watafiti wa Bugando, hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa wa Simiyu, walitangaza kuwa asilimia 64 ya bakteria aina ya Klebsiella pneumoniae waliowapima walikuwa na silaha hiyo. Waliokufa Muhimbili ni watoto wa watu, na dawa iliyopaswa kuwaokoa ilikuwapo kabatini.

Je, magome yanaweza kusaidia? Mwaka 1998 Werner Fabry, Paul Okemo na Rainer Ansorg walichapisha matokeo ya kujaribu mimea sita ya Afrika Mashariki dhidi ya bakteria 105. Magome ya Entada abyssinica, mti unaoota pia Usukumani, yalizuia wengi wao. Magome ya mwarobaini nayo yalifanya kazi, ilhali majani yake, ambayo ndiyo watu wengi huchemsha, hayakufua dafu. Hata hivyo nguvu ilipimwa kwa miligramu, wakati antibayotiki nzuri hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya elfu moja ya kipimo hicho.

Mulungulungu wenyewe ulitoa somo jingine. Mwaka 2001 watafiti wa Uganda walitenga kutoka kwenye mti huo kiini kinachoitwa skimianini, wakakijaribu peke yake, na vijidudu havikujali. Jibu la fumbo hilo, la kiini kushindwa kikiwa peke yake, huenda likawa kwenye ugunduzi uliochapishwa Marekani mwaka 2000: mimea fulani ya jamii ya Berberis hutengeneza sumu ya bakteria pamoja na kiini cha pili, ambacho chenyewe hakiui ila huziba pampu ambazo bakteria hutumia kuitapika sumu hiyo. Ukivitenganisha, nguvu inapungua.

Upimaji wenyewe ni kazi ya subira. Magome hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye spiriti, huchujwa, kisha spiriti hutolewa mpaka libaki tope zito. Tope hilo huyeyushwa kwa viwango vinavyopungua katika sahani yenye vishimo 96, bakteria huongezwa, na sahani hulazwa usiku kucha kwenye nyuzijoto 37. Asubuhi hutiwa rangi maalumu. Kishimo kinachogeuka chekundu kina bakteria hai.

Kishimo kisichobadilika ni mwanzo tu, maana hata jiki inaua bakteria. Lazima ijulikane kama dawa inadhuru ini na figo, na dozi ni kiasi gani. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wa Kanda ya Ziwa, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kabla maswali hayo hayajajibiwa, na wapo walioacha dawa za hospitali.

Tanzania ina pa kuyajibia maswali hayo. Muhimbili ilianza kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga baraza na usajili, na mwaka 2017 nchi ilipata mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Kinachohitaji haraka zaidi ni miti. Dawa ya nengonengo hutoka mizizini, na anayeung'oa mti mzima kwa ajili ya soko la mjini anaumaliza. Vijiji vya Simiyu vinahitaji vitalu vya miti ya dawa, na sheria ndogo za ngitili zinapaswa kutaja mizizi na magome kama zinavyotaja kuni. Kwa sasa, mgonjwa wa Itilima au Maswa mwenye homa kali apimwe zahanati, apewe dawa inayomfaa, na amalize dozi.