Dada wa Uhuru aliyesahaulika

Mpima ardhi anayesimamisha kipokezi cha GPS Kibaha au Kisarawe, kutafuta mpaka wa kiwanja, anahitaji anga lililotulia. Jua likichafuka, dhoruba ya sumaku huvuruga mawimbi ya setilaiti na vipimo hupotoka. Sehemu ya elimu ya dhoruba hizo ilianzia pwani yetu, takriban kilomita 450 kaskazini ya Kibaha.

Huko ni Ngomeni, karibu na Malindi. Ndiko Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walikosimika majukwaa ya San Marco baharini. Majukwaa hayo yakitajwa, watu hukumbuka Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kusaka eksirei za nyota. Sifa hizo ni halali yake, ila zimemfunika mdogo wake.

Mdogo huyo ni Explorer 45. Alirushwa na roketi ya Scout tarehe 15 Novemba 1971, akiwa na uzito wa kilo 52 hivi, mzigo usiozidi gunia la mahindi. Njia yake ilishuka hadi kilomita 220 hivi na kupanda hadi karibu 27,000, ikifuata ikweta. Ikweta haikuchaguliwa kwa bahati: wakati wa dhoruba, protoni na elektroni zilizonaswa na sumaku ya Dunia hujaa juu yake na kufanya mkondo wa umeme unaoizunguka sayari. Kurushia Ngomeni, karibu na ikweta, kulimweka Explorer 45 ndani ya mkondo wenyewe.

Mwezi mmoja baadaye, 17 Desemba, dhoruba ikapiga. Vipimo vilionyesha protoni za nishati fulani zikipenya ndani kuliko nyingine, na mchoro wa vipimo hivyo ukatokeza umbo ambalo wanasayansi waliliita "pua". Kazi yake ilikoma 1974.

Sehemu ya nje ya magnetosfia, yaani eneo linalotawaliwa na sumaku ya Dunia, inayoanzia mbali zaidi na kuburuta mkia kupita Mwezi, ilichunguzwa na wengine: Explorer 18 mwaka 1963, Cluster za Ulaya mwaka 2000, MMS za Marekani mwaka 2015. Hapa ardhini, mtandao wa MAGDAS wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, uliweka kipimasumaku Dar es Salaam.

Walimu wa fizikia wa Kibaha na Minaki, mkifika mada ya sumaku, msiishie kwenye unga wa chuma juu ya karatasi. Watajieni wanafunzi Ngomeni.