Wahamishwa wa Lubutu na Elimu Iliyobaki Brussels

Saikolojia ya jinai, yaani elimu inayochunguza akili na mwenendo wa mshtakiwa au mfungwa ili mahakama na gereza vijue namna ya kumshughulikia, ilikuwa imekwisha kujijengea makao katika magereza ya Ubelgiji kabla ya waasi wa Lubutu, nchini Kongo, kupelekwa uhamishoni. Daktari Louis Vervaeck alianzisha maabara ya kuwapima wafungwa mjini Brussels mwaka 1907, serikali ikaifanya kazi hiyo kuwa ya idara rasmi mwaka 1920, na sheria ya ulinzi wa jamii ya 9 Aprili 1930 ikaruhusu mhalifu mwenye maradhi ya akili azuiliwe kwa matibabu na uangalizi badala ya kutumikia kifungo cha kawaida. Msingi wa elimu hiyo ulikuwa dhana ya mtu hatari, na hatari hiyo ilipaswa kuthibitishwa kwa uchunguzi.

Nchini Kongo, koloni la Ubelgiji, sifa hiyohiyo ya mtu hatari ilitolewa na mtawala peke yake, kwa kuwa dekreti ya 5 Julai 1910 ilimwezesha kumhamisha Mwafrika kwa nguvu bila hukumu ya mahakama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku za kazi za lazima zilipandishwa mwaka 1942 kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na wanakijiji wakarudishwa msituni kugema mpira. Katika dhiki hiyo Bushiri Lungundu, mtu wa kabila la Wakumu aliyeitwa Mukombozi na wafuasi wake, aliongoza mwaka 1944 uasi wa Masisi na Lubutu kwa jina la Kitawala, dini iliyochipuka katika mafundisho ya Watch Tower na kuingia Katanga kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Jeshi la koloni, Force Publique, liliuzima uasi, na Wakitawala wengi wakafungiwa katika makoloni ya kilimo ya wahamishwa hatari, kama vile Kasaji kule Katanga na Ekafera kule Ekwateri, ambako walitakiwa kulima mbali na vijiji vyao. Mkazi wa Brussels aliyetiliwa shaka namna hiyo angalau angepimwa na daktari. Kwa Mkumu ilitosha kuwa Mkitawala.

Hata hivyo si hakika kwamba uchunguzi ungewaokoa. Nchini Kenya daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari hadi 1950, aliitwa na serikali ya kikoloni wakati wa uasi wa Mau Mau, na kitabu chake cha mwaka 1954 kilieleza uasi wa Wakikuyu kama msukosuko wa nafsi za watu waliokwama kati ya mila na usasa, kisha kikaunga mkono kuwakusanya katika vijiji vinavyolindwa. Maelezo ya namna hiyo, ingawa yalivaa joho la sayansi, yaliwapa maafisa sababu ya kuyatazama madai ya ardhi ya Wakikuyu kama dalili za ugonjwa, na mzuiliwa aliyeyashikilia akaonekana kuwa bado hajapona.