Maji Safi Ndiyo Yaliua Samaki Wangu

Wasee, samaki wangu wa kwanza alikufa siku ya nne, na maji yalikuwa safi kabisa. Kumbe hapo ndipo shida ilikuwa.

Mwaka wa 1850, mkemia wa London, Robert Warington, alieleza vile samaki, mmea na konokono husaidiana kwenye tangi: mmea unatoa oksijeni, konokono anakula majani yaliyooza. Baadaye mwanawe, pia Robert, akachunguza udongo na kuonyesha vile viini hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati.

Huo ndio mzunguko wa tangi. Kinyesi cha samaki kinaleta amonia, na amonia ni sumu. Tangi jipya halina bakteria wa kuimaliza. Washa pampu, tupia chakula kidogo, ngoja wiki kadhaa, ndio ulete samaki.

Chuo niliacha, lakini hili somo nililipia.