Kusindika Chupani

Chupa za kioo ambazo familia nyingi za Marekani huzirithi kutoka kwa mabibi zao huwa na maandishi yaliyotokeza ubavuni: jina la Mason, taarifa ya hataza, na tarehe ya Novemba 30, 1858. Anayezikuta kwenye kabati la marehemu hupiga hesabu upesi na kuamini ameshika kioo cha zaidi ya karne moja na nusu. Mara nyingi sivyo. Tarehe ile ni ya hataza, si ya chupa. Viwanda viliendelea kuipiga kwenye chupa mpya kwa miongo mingi, hata karne ya 20 ilipokwisha kuingia, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wameizoea na kuiamini.

Mwenye hataza, John Landis Mason, alikuwa fundi bati. Kabla yake, aliyetaka kuhifadhi matunda chupani alishindilia kizibo, akamiminia nta ya moto juu yake, kisha akamwachia Mungu. Mason alibuni shingo ya kioo yenye hesi, yaani ile mikato ya mzunguko ambayo mafundi wetu wa gereji huiita thredi, ili mfuniko wa zinki uzungushwe ukaze juu ya washa ya mpira. Utajiri haukumfuata. Hataza ilipokwisha muda wake wengine waliingia sokoni, wakiwemo ndugu watano wa ukoo wa Ball walioanza kutengeneza chupa za kioo huko Buffalo mwaka 1884 na kuhamia Muncie, Indiana, miaka michache baadaye. Ndiyo sababu chupa nyingi za urithi zina majina mawili, Ball juu na Mason chini yake.

Kazi inayofanywa kwa chupa hizi Wamarekani huiita “canning”, na mfasiri akifungua kamusi hupewa “kutia makoponi”. Hapo ndipo msomaji anapopotezwa. Mtu wa Morogoro au Kisumu akiambiwa atie nyanya makoponi atawaza kopo la bati, kama la samaki au la maziwa, na kopo hilo hawezi kulifunga jikoni kwake bila mashine. Wala kosa si la mfasiri peke yake, maana Kiingereza cha Marekani chenyewe kinaita kazi hii kwa jina la chombo kingine. Nicolas Appert, Mfaransa aliyekuwa mtengenezaji wa vitamutamu, alipochapisha mbinu yake mwaka 1810 na kutunzwa faranga 12,000 na serikali, alikuwa akitumia vyombo vya kioo. Mwaka huohuo, Uingereza, Peter Durand alipata hataza iliyohusu vyombo vya bati. Kioo kilitangulia, bati likafuata, na jina la bati ndilo lililoshika Marekani hata kioo kiliporudi jikoni.

Wenzetu wengine walijinasua kila mmoja kwa njia yake. Waingereza, wakifanya jambo hilihili nyumbani, husema wanatia chupani. Wafaransa wana istilahi iliyotokana na jina la Appert. Wajerumani wana kitenzi “einwecken”, kilichozaliwa na jina la Johann Weck, ambaye kampuni yake ya chupa zenye mifuniko ya kioo iliundwa mwaka 1900. Mpenda asili ya maneno atachekeshwa pia na hili: kopo letu lilitoka kwa Wareno, na kwao “copo” ni bilauri. Lakini bilauri hiyo ya Kireno haimfai kitu mtu aliyesimama mbele ya jiko. Kopo la leo ni la bati au la plastiki, basi.

Tuna maneno gani basi? Kuhifadhi ni pana mno. Ng’onda aliyeanikwa Pemba amehifadhiwa, mahindi yaliyo ghalani yamehifadhiwa, na maziwa ya frijini pia. Kusindika nalo ni pana, ila lina faida moja. Awali lilikuwa neno la kinuni, la kukamua mafuta ya ufuta au ya nazi. Leo tunasindika korosho, maziwa, nyama na matunda, na kina mama wanaohudhuria mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, hulitumia bila kusita. Linabeba maana ya kitu kufanyiwa kazi kikabadilika hali, hakikuwekwa tu mahali. Tukilitajia chombo chake, kusindika chupani, msomaji hupata mambo mawili kwa mara moja: kuna mchakato, na unafanyika ndani ya chupa. Chombo chenyewe kitakuwa chupa ya kusindikia, kwa mnyambuliko uleule unaotupa sufuria ya kupikia. Kamusi nyingine hupendekeza gudulia au mtungi kwa chombo cha namna hii. Siafiki. Hivyo ni vyombo vya maji na vya udongo, na dukani hakuna anayeomba gudulia la jemu, anaomba chupa.

Istilahi ikishakubaliwa inafaa ijazwe maana, kwa kuwa kusindika chupani si kumimina chakula cha moto na kukaza mfuniko. Matunda hutiwa chupani pamoja na maji au sharubati yake, juu ikaachwa nafasi, kama milimita 13 kwa matunda ya vipande. Mdomo hupanguswa, mfuniko huwekwa, na chupa huzamishwa mpaka maji yanayochemka yaifunike kabisa. Joto huitanua hewa iliyobaki juu na kuisukuma itoke pembezoni mwa mfuniko. Chupa inapotolewa ikapoa, mvuke wa ndani hugeuka maji, shinikizo la ndani hushuka, na hewa ya nje huukandamiza mfuniko chini. Pale juu hubaki ombwe, neno ambalo wanafunzi wa fizikia wanalijua vizuri kuliko wapishi. Mfuniko bapa wa siku hizi hutoa mlio mfupi na kubonyea katikati. Kesho yake ukiugusa kwa kidole ukakuta unachezacheza, chupa hiyo haikufunga. Iweke frijini iliwe mapema.

Ombwe lenyewe haliui chochote. Yupo bakteria anayeitwa Clostridium botulinum ambaye hustawi pasipo hewa, na spora zake hazifi katika maji yanayochemka. Akipata chakula chenye unyevu na asidi kidogo ndani ya chupa iliyofungwa barabara, hutengeneza sumu inayopooza misuli, ikiwemo ya kupumulia, na chakula kinaweza kuwa nayo kisinuke wala kubadilika ladha. Mpaka wa usalama ni pH 4.6. Chini ya hapo asidi humzuia, na kuchemshia majini kunatosha: nanasi, machungwa, jemu nyingi, achari za siki. Juu ya hapo kuna maharage, mahindi, karoti, nyama na samaki, na vyakula hivyo huhitaji joto la nyuzi 116 za Selsiasi au zaidi, ambalo hupatikana ndani ya sufuria kubwa ya presha yenye kipimo, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sufuria ndogo ya kupikia maharage ya familia haihesabiki. Nyanya ziko mpakani, ndiyo maana maelekezo hudai ziongezewe maji ya limau. Papai huwadanganya wengi: ni tunda, ni tamu, lakini asidi yake ni ndogo, na bila ndimu halifai kuchemshiwa majini.

Anayeishi nyanda za juu ana jambo la ziada. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Arusha, kwenye mita kama 1,400, huchemka kwa takriban nyuzi 95, na Nairobi kwa takriban 94. Maji yanatokota vilevile, ila hayana moto uleule. Muda uliopimwa kwa mji wa pwani hautoshi huko, na kwa sufuria ya presha kinachoongezwa ni presha yenyewe. Mwongozo wowote uliotafsiriwa kwa Kiswahili bila jambo hili haujakamilika, hata istilahi zake ziwe safi namna gani.

Pwani yetu ina utamaduni wa zamani wa chupa pana, nao ni wa achari. Ndimu au embe mbichi, chumvi, pilipili, jua la siku kadhaa, kisha chupani. Hiyo si kusindika chupani kwa maana tunayoizungumzia. Achari hulindwa na chumvi na asidi. Chupa yake hufunguliwa kila mlo na kufungwa tena, na hakuna ombwe linalovunjwa. Kuzichanganya kazi hizi mbili ndiko kunakomfanya mtu aamini kwamba maharage nayo yatakaa mwaka mzima kwa kuwa achari ya bibi ilikaa.

Nirudi kwenye chupa za urithi, kwani mwenye nazo huuliza jambo moja tu: je, zinatumika? Kioo chenyewe hakizeeki kwa miaka. Wizara ya Kilimo ya Marekani inakubali chupa za aina ya Mason kutumika tena na tena, mradi kila safari ziwekewe mfuniko mpya. Penye utata ni mdomo. Pitisha kidole taratibu juu ya ukingo wake. Ukihisi pamemeguka, hata padogo kama punje ya mchele, chupa hiyo haitashika ombwe. Kisha ujaribu mifuniko ya leo, ambayo kwa kawaida ni ya milimita 70 kwa mdomo mdogo na 86 kwa mdomo mpana. Ni mifuniko ya vipande viwili: bapa lenye utando wa mpira, ambalo hutumika mara moja, na pete ya kukazia, ambayo hutumika hadi ipate kutu. Baadhi ya chupa za kale zina mdomo wa kipimo kingine, na hakuna cha kuzifunga.

Mifuniko ya zinki yenye kioo cheupe ndani, pamoja na ile ya kioo inayobanwa kwa waya, wizara hiyohiyo haiipendekezi tena. Yote hutegemea washa ya mpira, hushindwa kufunga mara nyingi mno, na haina bonyeo la kumwonyesha mpishi kama ombwe limeshika. Najua kuna wanaojibu kwamba bibi aliitumia miaka arobaini na hakuna aliyeugua. Huenda, lakini chupa zilizoharibika bibi alizimwaga, na hakuna aliyemhesabia.

Kioo cha zamani huchukia pia mabadiliko ya ghafla ya joto. Kimeshapata mikwaruzo isiyoonekana, na chupa ya baridi ikimiminiwa jemu ya moto huweza kuachia kitako chote. Ipashwe kwanza ndani ya maji ya moto, ijazwe ingali na joto, na ikitolewa ikae juu ya taulo, si juu ya saruji baridi. Kwa kazi ya presha nisingeitumia chupa ya kale kabisa.

Zile za Ball zenye rangi ya samawati, zilizotengenezwa hadi miaka ya 1930, zina wakusanyaji wanaozilipia vizuri, na ni hasara kuzipasulia jikoni. Zenye mfuniko wa waya zitunze iliki, karafuu, au hiyo achari ya ndimu, kwa kuwa kioo hakiliwi na asidi. Na kwa anayetafsiri miongozo ya jikoni: andika kusindika chupani, halafu mstari unaofuata utaje asidi ya chakula, joto linalotakiwa, na muda wake kwa mwinuko wa mahali msomaji anapoishi.