Mashapo ya Pombe ya Miwa

Maungu, kata ya Marungu, ni kituo cha madereva wa malori ya barabara ya Mombasa: chai, mandazi, safari. Mandazi huumuliwa kwa hamira, na hamira ndiyo iliyochachusha pombe ya miwa ya Wataita tangu enzi za mababu. Miwa yenyewe si ya tambarare hii kavu. Ni ya mabonde yenye maji huko katika milima ya Taita. Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza pombe ilivyotumika katika kutasa: mtu hupiga funda, akaipuliza huku akiomba, hasira zimtoke moyoni.

Pombe ikiachwa itulie, chini hubaki mashapo mazito yenye weupe. Ni hamira. Kila chembe yake ina ganda, na upande wa nje wa ganda hilo kuna manani, minyororo ya sukari ya manosi iliyoshikamana na protini. Katika hamira nyingi za pombe, sukari ikikaribia kwisha, protini za chembe moja hukamata manosi ya jirani kwa msaada wa kalsiamu. Chembe hukusanyana mafungu kwa mafungu, zikazama.

Chini ya manani kuna glukani, minyororo ya glukosi, na hiyo ndiyo iliyowatoa jasho wanakemia. Mwaka 1934 Zechmeister na Tóth, wa Hungaria, walionyesha kuwa glukosi zake zimeungana kaboni ya 1 kwa ya 3. Kisha kila maabara ikaja na mchoro wake: huyu anasema mnyororo mnyoofu, yule anasema una matawi. Mwaka 1973 David Manners na wenzake mjini Edinburgh wakagundua kwamba watu walikuwa wakipima glukani mbili wakidhani ni moja. Karibu miaka 40 ya ubishi, na wote walikuwa na sehemu ya ukweli! Ile kubwa ina glukosi zipatazo 1,500, na viungo vya 1 kwa 6 ni asilimia 3 tu, pale matawi yanapochipukia. Ndogo imejengwa zaidi kwa viungo hivyo vya 1 kwa 6.

Mwaka 1997 kundi la Enrico Cabib nchini Marekani lilionyesha kuwa hiyo ndogo ndiyo gundi inayounganisha manani na glukani kubwa.